ZIWA NI MOJA, MAFUNDISHO JUU YA MAJI YAWE MAMOJA



Kolera ikitokea, mara nyingi tunasikia neno moja tu: munawe mikono. Neno hilo ni zuri, hatulikatai. Lakini sisi wa mwaka wa mwisho tunauliza: nani anatufundisha kolera inapita njia gani, na juu ya nini inarudia kila mara kwa watu walewale wa kando ya ziwa? Kama hatujui, tunanawa leo, kesho tunasahau.

Tuangalie ziwa Tanganyika. Urefu wake ni karibu kilometa 670, na inchi nne zinalizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Wavuvi na wachuuzi wanavuka kila siku. Mwezi wa tano 2015, wakimbizi wa Burundi walipokusanyika Kagunga, upande wa Tanzania, kolera iliwapata pale pale. Mikrobi haikuuliza karatasi ya mpaka.

Wakubwa wa inchi wanajua jambo hili. Mwaka 2003 inchi zote nne zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa, na ofisi yao iko Bujumbura. Kwa upande wa uchunguzi, tuko na Lwiro karibu na Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1947, tena tuko na kituo cha uchunguzi wa maji pale Uvira. Basi tusiseme kama hatuna kitu. Kinachokosekana ni njia ya kutoka laboratuari mpaka kilasi. Wachunguzi wanaandika Kifaransa ama Kiingereza. Mama mwenye kuchota maji anasema Kiswahili. Mwanafunzi wa Uvira na mwenzake wa Kigoma wanaelewana bila mkalimani, lakini kila mmoja anasoma kitabu chake kama vile kuna maziwa mawili.

Wengine watasema: uchunguzi ni kazi ya wenye makuta mingi na mashini za Ulaya. Hapana! Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2015 juu ya Uvira ulisimama zaidi juu ya vitu viwili: hesabu ya wagonjwa walioingia kituo cha kolera, na hesabu ya maji yaliyotolewa kwa marobine kila siku. Walipolinganisha, waliona hivi: maji yakikatika siku moja, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka sana. Ni wazi: robine ikikauka, watu wanarudi ziwani na mtoni na mabidoni yao. Hesabu hizo mbili zilifundisha kitu ambacho hotuba nyingi hazifundishi. Utanawa na nini, kama maji haiko?

Kwa hiyo tunapendekeza. Kwanza, wenye kupanga mambo ya ziwa waweke masomo ya maji na afya katika mpango mmoja, na maji yapimwe kwa namna moja katika inchi zote nne, ili hesabu ya Kalemie ilinganishwe na ya Mpulungu. Pili, wachunguzi watoe kitabu kidogo kwa Kiswahili chepesi, na kwa wandugu wa Zambia katika lugha yao. Tatu, vijana wenye kusoma biolojia na kimia wapokelewe katika vituo vya uchunguzi wakati wa likizo, hata kwa kuosha chupa, ili waone kazi inavyofanyika.

Na sisi tusikae kungojea. Kila kilasi iwe na kaye moja: siku robine imetoka, siku imekauka, maji ya kunywa yalichemshwa ama yalitiwa dawa, wangapi walikosa masomo juu ya kuharisha. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Mwalimu wa biolojia ahakikishe hesabu, maana hesabu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa hesabu. Kila mwisho wa mwezi ipelekwe kituo cha afya.

Mwaka ujao sisi wa mwisho hatutakuwa tena hapa. Wengi tutaenda kutafuta masomo ya juu mbali. Kama huku hakuna kazi ya uchunguzi, wenye kujua watabaki kule, na ziwa litabaki na wenye kuchota tu.

Walimu wetu, na ninyi wadogo mutakaobaki, munasema nini? Tunangojea majibu yenu katika gazeti linalofuata.