Wito Usioijua Barabara ya Kamsamba

NONGWA ZA MLOWO
Na Ayubu Nzunda

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani bila elfu kumi yangu, na hadi naandika haya roho bado inaniuma. Kanisa silitaji. Mlowo ni mji mdogo, na mke wangu anaimba kwaya pale.

Tulikuwa tunamuaga mmisionari. Kijana wa watu, suti ya bluu, kiatu kimechongoka mbele, akashika kipaza sauti na kutoa ushuhuda mrefu kuliko mahubiri. Wito ulimdondokea usiku kama kimondo cha Ndolezi. Alikuwa amelala, akasikia sauti ikimwambia aende kwa mataifa. Vigelegele! Mataifa yapi? Kanada. Sauti yenyewe, inaonekana, ilitaja hadi mji: Toronto, ambako kwa baraka za Bwana yuko binamu yake.

Mwenyekiti wa harambee akainuka. Nani ana laki? Kimya. Nani ana hamsini? Watu wakakohoa. Msimu wa kahawa ndio kwanza watu wamelipwa, na kamati zetu za harambee zinaijua kalenda ya malipo kuliko hata Bodi ya Kahawa. Mimi nilikuwa nimeinamia Biblia, najifanya namtafuta Obadia, nikasikia naitwa kwa jina. Mama anayeuza maparachichi stendi alikuwa ameshatoa. Ningefanyaje?

Nje kijana akanisalimia kwa adabu zote.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, hongera. Hivi Kamsamba umewahi kufika?”

“Bado, mzee. Nasikia kule joto, halafu mbu.”

Mbu! Barabara ya Kamsamba inaanzia hapa hapa Mlowo, jamani. Inateremka mpaka bonde la Rukwa, na siku hizi kuna hata daraja la maana pale Mto Momba. Lakini sauti ya usiku imeiruka wilaya ya Momba nzima, vijiji na vitongoji vyake, ikaenda kutua Toronto kwa binamu.

Shemeji yangu wa mashine ya kusaga anasema nina wivu. Wito, ananifundisha, hauchagui mahali. Nikamuuliza mbona basi kila mwaka unachagua kwenye barafu na posho. Sijasikia mtu wa Mlowo aliyeitwa Sudan Kusini. Akasema anakwenda kuangalia mkanda wa mashine.

Turudi kwa mbu. Wamoraviani wanne kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mmoja wao hakuumaliza hata mwaka huo. Alifia huku huku, na wakati ule hakukuwa na chandarua cha hati punguzo. Traugott Bachmann akaja kufungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, akakaa na Wanyiha mpaka vita vilipomwondoa mwaka 1916. Kinyiha alikisoma kwa wenyewe, hata Agano Jipya likachapwa kwa lugha hiyo mwaka 1913. Na wanaume wenye wake wengi aliwabatiza bila kuwalazimisha kufukuza mtu, jambo ambalo wamisionari wengi wa zama zake wasingetaka hata kulisikia. Simfanyi malaika, alikuja chini ya bendera ya Kaizari. Ila alikaa. Na Wajerumani waliposhikwa, walioyashikilia makanisa ni walimu na wazee wa hapa hapa, kwa miguu, na posho ya Ulaya imekatika. Hao hatukuwafanyia harambee ya suti.

Halafu hayo mataifa. Mnayataka mataifa? Yamepanga foleni Tunduma! Dereva wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Harare, wote wamelala kwenye malori wakingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, wamechoka, wana hamu ya mtu wa kuongea naye. Usiku wanaowafikia ni wauza Konyagi, na wengine ambao mke wangu amenikataza kuwataja kwenye safu hii. Viza haitakiwi. Ukipanda Hiace asubuhi, chai ya saa nne unainywea kwa mataifa. Lakini nani atampigia vigelegele mtu anayeshuka Tunduma na Biblia mkononi na vumbi hadi masikioni? Picha yenyewe haipendezi kwenye simu.

Wazee wa kanisa, nawaomba. Kijana akisema ameitwa, msikimbilie kapu. Mpeni kwanza mwaka mmoja Kamsamba, au hapo kwenye foleni ya malori. Akirudi bado anaisikia ile sauti, mwekeeni mikono, nami nitakuwa wa kwanza kusimama.

Kwa Toronto mfuko wangu nimeufunga. Anayekwenda Kamsamba aje nyumbani, nauli nitampa. Ya kwenda tu.