Bomba halijafa, acheni kulipuliza kwa mdomo



Msimu wa tungule ukiingia, maneno ni yale yale: "Bwana shamba, bomba hili bovu, halitoi dawa." Ukilitazama, halina ubovu wowote. Limeziba. Na mwenyewe keshafungua nozeli, kaitia mdomoni, anapuliza.

Hilo la mdomo ndilo linaloniudhi zaidi. Nozeli hiyo imetoka kupitisha sumu sasa hivi. Dawa za wadudu za kundi la organofosfeti huingia mwilini hata kupitia ngozi, seuze midomo! Usiniambie babu yako akipuliza na akazeeka salama. Babu yako hakuwa akipiga dawa kila wiki.

Wengine huchokoa kwa msumari au waya. Hapo tundu linapanuka, matone yanakuwa makubwa, yanateleza kwenye majani na kumwagikia chini. Fedha yako hiyo inanyweshwa mchanga. Ukinunua nozeli mpya, tia maji safi, pulizia ndani ya chupa kwa dakika moja, uandike kipimo. Ikitoa mililita 600 leo, siku itakapopita 660 ibadilishe. Kipimo kinachokubalika ni hicho: ikizidi sehemu moja ya kumi, imekwisha.

Sasa, bomba likigoma, usikimbilie nozeli. Sikiliza mkono wako. Mpini ukiwa mwepesi, hauna nguvu, kosa lipo kwenye pampu: washa imekauka au imelika, au mchanga umekaa kwenye valvu. Mpini ukiwa mzito na dawa haitoki, kizuizi kipo mbele, kwenye chujio la fimbo au kwenye nozeli. Na kama dawa inaanza vizuri kisha inafifia, angalia kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitisha hewa, na karibu kila mtu hulisahau. Dawa inapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Tundu likiziba, tangi hujivuta ndani na dawa haisogei. Tia maji matupu, legeza kifuniko kidogo, upulizie. Nguvu ikirudi, umeshaujua ugonjwa.

Kabla ya kufungua chochote, vaa glavu, acha kupampu, kisha bonyeza kifyatulio mpaka presha iishe, fimbo ukiielekeza mbali na watu. Nozeli isafishe kwa maji na mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Usiurudishe bafuni, tafadhali.

Lakini uchafu huo umeingiaje? Kwa sababu lile chujio la mdomo wa tangi umelitoa, ati linachelewesha kujaza. Maji umeteka bondeni pamoja na majani na tope. Na dawa ya ukungu ya unga, kama mankozebu, umeimwaga kavu moja kwa moja kwenye tangi, ikaganda madonge. Ikoroge kwanza kwa maji kidogo kwenye ndoo mpaka iwe uji, ndipo uichuje kuingia tangini. Ukimaliza kazi, suuza bomba mara tatu, na maji ya kusuuzia yapulizie huko huko shambani ulikopiga dawa, si kisimani wala mtoni.

Na nyinyi wenye maduka, msijifiche nyuma ya mkulima. Bomba mnaliweka mbele linang'ara, lakini mtu akiuliza washa au nozeli ya akiba anaambiwa "hamna, nunua jengine". Anayeuza bomba bila washa anauza nusu bomba. Vipuri hivi vidogo havijazi hata kisanduku cha viatu, na mkulima aliyevipata kwako atarudi kwako kununua mbegu na mbolea.

Mkulima, siku ya kununua, kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji akuonyeshe washa, chujio na nozeli ya akiba ya bomba hilo hilo. Akikosa, nenda duka la pili.