Karatasi Zalindwa, Mtembea kwa Miguu Asahauliwa

Wapo wanaomtaja Anthony Levandowski, mhandisi wa Kimarekani, kuwa ni kielelezo cha kuigwa na vijana wanaosomea uhandisi. Ni dhahiri kwamba watu hao wamezihesabu fedha zake wakasahau mengine yote.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ujuzi anao. Mwaka 2004, akiwa bado kijana, alipeleka pikipiki isiyo na dereva katika mashindano ya idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka 2007 alijiunga na Google, akawa miongoni mwa waliounda lida zake, yaani mitambo inayotupa miale ya leza na kupima muda wa kurudi kwake, ili gari linalojiendesha litambue kilicho mbele yake. Kampuni ilimlipa kiasi cha dola milioni 120.

Je, alitosheka? Hasha! Januari 2016 alijitoa, akaunda kampuni yake, nayo ikanunuliwa na Uber mwaka huo huo. Waymo, kampuni ndugu ya Google, ilidai kuwa alichukua majalada ya siri zaidi ya 14,000. Kesi ilifunguliwa Februari 2017, ikamalizwa Februari 2018 kwa Uber kutoa hisa za kiasi cha dola milioni 245. Mhandisi mwenyewe alikiri wizi wa siri ya biashara, na Agosti 2020 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Hakukitumikia hata siku moja: Januari 20, 2021 Rais Trump alimsamehe.

Sasa tutazame barabarani. Machi 18, 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku na baiskeli yake mjini Tempe, Arizona. Levandowski alikwisha fukuzwa Uber mwaka 2017, na kifo hicho hatumtwishi. Lakini wachunguzi walibaini kuwa mitambo ilimwona mama huyo zaidi ya sekunde 5 kabla ya kumgonga. Programu haikumtambua kuwa ni mtu, kwani haikuandaliwa kumfikiria mtu anayevuka nje ya kivuko.

Nani aliadhibiwa? Mwendesha mashtaka alisema hakuna msingi wa kuishtaki Uber kwa jinai. Kampuni ikapatana na familia nje ya mahakama. Aliyebebeshwa mzigo ni mfanyakazi aliyeajiriwa kukaa kwenye usukani, ambaye mwaka 2023 alikiri kosa akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Hatusemi hakukosea, alikuwa akitazama simu. Tunasema hakuiandaa yeye programu ile.

Basi siri za matajiri zilipata mawakili na mamilioni, na uhai wa mpita njia ukasimamiwa na kibarua. Hiyo si haki. Wenye makampuni hawana budi kuwa wa kwanza kujibu mbele ya sheria kwa kila roho inayopotea katika majaribio yao. Na kijana anayesomea uhandisi, kabla hajauliza atalipwa kiasi gani, na aulize kwanza: je, mtambo wangu utamtambua mtembea kwa miguu?