Wenye Matanga Wamebaki Ufukweni

Katika mabaraza ya mwambao wa kaskazini, kuanzia Moa na Jasini hadi Pangani na Saadani, kuna kauli iliyozoeleka mno hata haihojiwi tena: kwamba mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye tanga na kushindana mbio baharini ni mchezo wa Wazungu. Husemwa na wazee wanaoheshimika. Husemwa na maofisa wa michezo ambao kwao mchezo ni mpira wa miguu, na kisichokuwa mpira ni anasa. Ajabu zaidi, husemwa pia na washairi, watu ambao bila tanga, wimbi na nahodha wangekosa nusu ya tamathali zao.

Kauli hiyo ni uongo, na gharama yake hulipwa na watoto wa Tanga.

Na utazamwe ubao wenyewe. Ni chombo kisicho na usukani. Mlingoti wake haukukazwa, bali umefungwa kwenye kiungo kinachouruhusu kulala upande wowote, na mwendeshaji huushika kwa mti uliopindwa kuzunguka tanga. Akiliinamisha tanga kuelekea mbele, omo huanguka demanini. Akilivuta nyuma, omo hupanda joshini. Mkono wake wa nyuma ndio demani: akivuta, tanga hushika upepo, akilegeza, hupumua. Hakuna jambo hata moja hapo ambalo mvuvi wa ngalawa wa Kigombe au Mwambani angehitaji kuelezwa mara mbili. Huyo amejifunza tangu utotoni kwamba chombo huongozwa na tanga kabla ya kuongozwa na usukani, na kwamba anayetaka kufika mahali upepo unakotoka hana budi kubisha, aende mrama huku na huku hadi afike. Kilichobaki kwake ni kujifunza kusimama, na mwenye miaka kumi hujifunza hilo kwa siku chache na mikwaruzo michache.

Wanaosema ubao huu ni mali ya watu fulani wangefaidika kuijua kesi yake. Mwaka 1968 Wamarekani wawili wa California, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba hataza ya chombo hicho, na kwa miaka mingi kila aliyetaka kukitengeneza ilimbidi awaangalie wao kwanza. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, hukumu yake iliibatilisha hataza hiyo nchini humo. Sababu moja ilikuwa kwamba mwaka 1958, katika kisiwa kidogo cha Hayling, mvulana wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alikuwa amekwisha kuunga ubao, mti na kitambaa, akapanda na kwenda. Wanasheria waliobobea walibishana juu ya mchezo wa mtoto, na mtoto akashinda. Watoto wa Ras Kazone na wa Deep Sea, ambao huchonga vingalawa vya kuchezea, wakavitia matengo ya vijiti na tanga la mfuko wa plastiki, kisha wakavishindanisha maji yanapojaa, wana dai gani pungufu kuliko la Chilvers?

Watasema wapinzani: mchezo ni jambo moja, ubingwa ni jambo jingine. Vema. Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, mwanamke aitwaye Lee Lai-shan alishinda mbio za ubao wa tanga na kuipatia Hong Kong medali yake ya kwanza ya dhahabu tangu ianze kushiriki. Hakutoka katika maghorofa ya jiji. Alikulia Cheung Chau, kisiwa cha wavuvi, na aliyemtia katika mchezo ni mjomba wake aliyekuwa na mgahawa na mbao za kukodisha ufukweni. Yaani mgahawa, mjomba na bahari. Hadi leo Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, za fedha, walizozitwaa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui huko Moscow mwaka 1980, na zote mbili zilipatikana kwa miguu juu ya nchi kavu. Majirani hawakukaa kungoja. Allan Julie wa Shelisheli ameshindana katika Olimpiki mara kadhaa kwa mashua ya Laser, na Msumbiji, yenye pwani inayooshwa na bahari hii hii, iliwapeleka Denise Parruque na Maria Machava kushindana katika mashua ya matanga kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Ipo hoja ya fedha, nayo si ya kupuuzwa. Ubao uliotumika katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 una bawa chini yake linaouinua juu ya maji, na bei yake haimfai mtoto wa mvuvi. Lakini nani amesema waanzie hapo? Hakuna anayeanza kujifunza kuandika kwa kutunga utenzi. Mbao za zamani, pana na nzito, ambazo mabingwa wamekwisha kuziacha, ndizo zinazomfaa anayeanza. Fedha, kwa kweli, si ngeni Tanga. Bandari imeongezwa kina ili meli kubwa zifunge gatini, na huko Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda liliwekwa mwaka 2017. Hayo ni mambo makubwa na hayana ubaya kwa kuwa makubwa. Ubaya ni pale pwani inapogawiwa kwa mafuta, kwa shehena na kwa wageni, na katika mgao wote huo asikumbukwe mtoto mwenye tanga.

Ipo pia hoja ya wapenda mila, nayo ni tamu zaidi kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Hao husema: tunazo ngalawa, ubao wa nini? Laiti wangekuwa wanaziendeleza hizo ngalawa! Mashindano ya ngalawa aghalabu huandaliwa siku ya sherehe, mgeni rasmi akapungia mkono, picha zikapigwa, mshindi akapewa bahasha, na kesho yake hakuna anayemfundisha kijana chochote. Hayo ni mapambo. Ubao wa tanga haushindani na ngalawa. Huilinda, maana kijana anayejifunza upepo kwa ajili ya mbio atarudi kwa nahodha mzee kuuliza kwa nini kusi hugeuka tabia mchana. Siku hizi kijana huyo hununuliwa mashine ya petroli, na mzee hana wa kumwuliza.

Na sasa washairi. Jarida hadi jarida, nchi ni jahazi, kiongozi ni nahodha, mapenzi ni dhoruba, na mtunzi mwenyewe hajui foromali ni mti gani. Maneno ya bahari yamekuwa kama vyombo vya kaure vilivyopangwa kabatini: hutazamwa, havilishi mtu. Joshi, demani, omo, tezi, bamvua, maji mafu: haya hayakubuniwa kwa ajili ya vina. Yalibuniwa na watu waliohitaji kuelewana upesi kabla chombo hakijapinduka. Neno la kazi huishi mikononi mwa wenye kazi. Ikiwa mtoto wa Tanga atafundishwa ubao na mgeni peke yake, atajifunza kubisha kwa Kiingereza, na ushairi wa mwambao utakuwa umepoteza ghala lake huku wenye ghala wakighani. Neno matanga lina maana mbili, na mji huu, ambao wengine husema umepata jina lake kwa tanga la chombo, hauna sababu ya kubaki na ile ya msiba.

Mahali pa kushindania pako tayari. Ghuba ya Tanga, kati ya Ras Kazone na kisiwa cha Toten, ina maji yaliyokingwa na mawimbi makubwa, na kusi huleta upepo wa kutosha kwa miezi mingi ya mwaka. Panahitaji kuchaguliwa siku za maji mafu ili mkondo usiwachukue wadogo, na njia ya meli kuachwa wazi. Kanuni za mbio zimeandikwa zamani: bendera ya onyo dakika tano kabla, duara la kwanza kuelekea joshini, na mshindi ni mwenye alama chache, kwa kuwa wa kwanza hupata moja. Mzee yeyote wa forodhani ataielewa hesabu hiyo.

Wasichana waingizwe tangu siku ya kwanza, tena kwa mavazi ambayo mama zao hawatayakataa, na asipande ubao yeyote, wa kike au wa kiume, kabla hajajua kuogelea. Kwa kuanzia zinatosha mbao sita zilizokwisha kutumika, mwalimu mmoja wa kuogelea, na nahodha mmoja wa ngalawa atakayelipwa kukaa na watoto jioni tatu kwa wiki, kabla kusi ya mwaka ujao haijaanza.