Krismasi ya Galu na Fasiri ya Neno Mgeni

Ifikapo Desemba, ufuo wa Galu, kusini mwa Diani, hubadili sura. Mahoteli hujaa, taa za rangi huzungushwa kwenye minazi, na pamba hubandikwa mitini kuigiza theluji ambayo haijapata kuanguka Kwale. Miongoni mwa wanaoiandaa karamu hiyo ni Wadigo Waislamu wasioiadhimisha sikukuu yenyewe. Hilo si kasoro. Kinachostahili kuhojiwa ni kuwa nyumba ya wageni iliyojaa, ambayo katika kisa cha kuzaliwa kwa Yesu ilikuwa aibu, sasa imekuwa ndiyo fahari ya msimu.

Luka anasimulia katika sura ya 2 kwamba mtoto alilazwa horini kwa kukosekana nafasi. (Mvuvi wa Galu asikiapo hori huenda akawaza kwanza mtumbwi.) Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ilichagua "nyumba ya wageni". Hata hivyo, neno la Kiyunani lililotumiwa hapo, kataluma, ndilo alilolitumia Luka katika sura ya 22 kwa chumba cha karamu ya mwisho. Nyumba ya kulipia katika kisa cha Msamaria mwema aliiita kwa neno jingine kabisa. Yamkini, basi, kilichojaa ni chumba cha wageni katika nyumba ya watu wa kawaida. Ikiwa hivyo ndivyo, lawama haimwangukii mfanyabiashara bali jamaa na jirani. Qurani nayo, katika Surat Maryam, yamweka Mariamu peke yake penye shina la mtende, mbali na watu wake. Waumini wa dini hizi mbili wanatofautiana mno kuhusu Yesu, au Isa, lakini katika hili visa vyao vinakaribiana: hakuzaliwa katika chumba kilichoandaliwa.

Kiswahili hakimtengi mtalii na mtu asiyejulikana; wote ni wageni. Methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika biashara ya ufuoni kupona kumekuwa ni kupata fedha. Lakini mnamo Agosti 1997, kuanzia Likoni hadi Diani, mgeni aliyetoka bara alichomewa nyumba. Makumi ya watu waliuawa, maelfu wakahama, wengine wakajihifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni. Ni kweli pia kwamba wanasiasa waliuchochea uchungu uliokuwapo tangu zamani: Mdigo aliyepokonywa ardhi ya pwani amekuwa mgeni katika ufuo wa babu zake, akiutazama kupitia ua.

Mafundisho ya Yesu yanagusa hapo hasa. Katika Mathayo 25 anajihesabu miongoni mwa wageni, wala haulizwi mtu kabila la mgeni aliyempokea. Katika Luka 14 anaagiza kuwa mwenye karamu asiwaalike matajiri watakaomlipa, bali maskini na vilema. Hoteli haiwezi kuendeshwa kwa kanuni hiyo, wala haidaiwi. Anayedaiwa ni Mkristo. Askari alindaye lango usiku wa mkesha, awe Mdigo au Mluhya, hayumo katika orodha ya walioalikwa ndani. Je, ni nyumba ngapi za Wakristo wa Ukunda zilizopata kumpelekea sahani ya pilau?