Ukicheza na Mbwa

Eti ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Methali hii nimepigwa nayo kichwani mara nyingi kuliko fimbo za shule ya msingi, na kila anayenipiga nayo hudhani amefunga mazungumzo. Basi leo nayafungua. Nakuuliza, ndugu msomaji: mbwa anayeingia msikitini ni yule aliyechezewa, au ni yule ambaye hakuna aliyejisumbua kumfundisha kukaa mlangoni?

Najua jarida letu limezoea mashairi ya mapenzi. Wenzangu wawili waliposikia naandika habari za vitu vya kuchezea mbwa na vipande vya kumtunza akijifunza, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Vipi, riwaya imekushinda?" Haijanishinda, iko sura ya saba. Ila nimegundua kwamba katika hadithi zetu mbwa hutokea mara mbili tu: usiku akibweka mwizi akija, na asubuhi akipigwa teke. Hatumwandiki kwa sababu hatumtazami.

Mtaani kwetu hapa Dar wamejaa wataalamu wa mbwa. Mbwa mkali, wanakwambia, hutengenezwa. Unamfungia bandani gizani kutwa nzima, unamtilia pilipili kwenye chakula, akikosea unamcharaza, watoto wakipita wanamchokoa kwa vijiti kwenye nyavu, halafu usiku unamfungulia. Getini unaandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu. Hapo husemi uongo, bwana. Lakini mkali kwa nani? Mwizi huenda akaja mara moja kwa mwaka. Mtoto wa jirani anapita pale kila siku akitoka shule.

Na si meno peke yake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinga ni chanjo ya mbwa. Sasa niambieni, nyie wa pilipili: siku ya chanjo ikitangazwa, mbwa wenu anapelekwa na nani? Mbwa ambaye kwake mkono wa binadamu ni fimbo hakamatiki. Anabaki bandani, hajachanjwa, na usiku anafunguliwa kama kawaida. Halafu mimi ndo naitwa mchezaji!

Nikisema wafundisheni kwa kuwatunza, najibiwa kwamba huo ni uzungu. Uzungu gani? Nendeni Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku tangu mwaka 2000, kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kunusa makohozi ya wenye kifua kikuu. Panya akipatia, anasikia mlio mdogo wa kidude, kisha anapewa kitu kama ndizi. Ndivyo alivyofundishwa Magawa, aliyezaliwa hapa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu 100, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Hakuna aliyemtilia pilipili. Panya, jamani! Na mbwa, ambaye amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, mnasema haelewi mpaka achapwe.

Wengine wanasema, "Unamhonga." Hongo hutolewa kabla ya kazi. Mimi natoa baada, ndani ya sekunde moja au mbili, maana ukichelewa ushamlipa kwa jambo jingine alilofanya katikati.

Lakini hata wanaokubaliana nami nina ugomvi nao, hasa wale wenye pesa. Hao wanaingia duka la mjini, wanabeba biskuti zenye umbo la mfupa na mdoli wa mpira unaolia, wanadhani kwa bei ile kazi imekwisha. Zawadi ni ile mbwa anayoiona kuwa zawadi, haijalishi pakiti imeandikwa nini. Kwa hiyo kila kitu kijaribiwe nyumbani, kwa mbwa yule yule atakayekitumia.

Mbwa wetu anaitwa Hayakuhusu (mjomba ndiye aliyempa jina hilo, akiwalenga majirani). Nilimwekea biskuti ya dukani katika ngumi moja, dagaa katika ngumi nyingine, nikawa nabadilisha mikono, mara 10. Dagaa alichaguliwa mara nane. Siku nyingine nikashindanisha dagaa na ini lililochemshwa bila chumvi; dagaa akaaibika. Halafu likaja jaribio la kweli: mbuzi wa jirani anapita, mimi nasema "kaa". Kwa biskuti hakunigeukia hata sikio. Kwa ini alikaa, ingawa anatetemeka. Tangu hapo dagaa ni wa mafunzo ya uani, ini ni la siku ya mbuzi. Kipande kisizidi ukucha wa kidole cha mwisho, la sivyo atanenepa kabla hajajua kitu. Dagaa wa Mwanza waoshwe, maana wengi huanikwa mchangani. Wale wa chumvi muwaache. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na gunzi la muhindi huziba utumbo.

Yule mdoli unaolia hakumaliza robo saa. Hayakuhusu alimpasua tumbo akakitoa kile kidude cha mlio, nami nikawahi kumpokonya asije akakimeza. Kilichodumu ni chupa ya plastiki ngumu niliyoitoboa matundu, nikatoa kifuniko na ile pete yake, nikatia vipande vya kiazi kitamu kilichochemshwa. Anaisukuma uwanja mzima akihangaika kuvitoa. Akianza kuitafuna yenyewe, naichukua. Msidharau vitu vya namna hii. Ule mpira uitwao Kong, unaouzwa dunia nzima, ulianzia kwa Mmarekani mmoja, Joe Markham, ambaye miaka ya 1970 alikuwa na mbwa mwenye tabia ya kutafuna mawe; alikuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa akapenda kipande kimoja cha mpira wa gari, na hapo wazo likazaliwa. Ila kandambili kuukuu msimpe kamwe. Mbwa hajui kuukuu na mpya, na siku atakapotafuna za baba msije kumpiga.

Hoja yao moja tu ndiyo yenye uzito: mbwa aliyezoea vipande atanunuliwa na mwizi kwa pande la nyama. Kweli, wezi hurusha nyama, tena yenye sumu. Lakini nani ataikimbilia kwanza, kama si yule aliyeshinda na njaa ili awe mkali? Kukataa nako kunafundishwa. Unaweka ini sakafuni, unalifunika kwa kiganja, unasema "acha". Akirudisha pua nyuma anapewa jingine bora kutoka mkononi. Halafu bila kiganja. Halafu jirani ndiye anayelirusha, juu ya ukuta, jioni. Sisi tumefanya hivyo kwa miezi mitano, na Hayakuhusu bado hukosea, hasa mvua ikinyesha, sijui kwa nini. Lakini anabweka mgeni akija usiku, na mwezi uliopita alichanjwa akiwa amekaa, mdomo wazi, akisubiri dagaa wake kutoka kwa daktari.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008, lakini sitaki kumwitia mtu polisi. Anayebisha aje kwetu na mbwa wake Jumamosi yoyote. Dagaa nitanunua mimi. Fimbo aiache getini.