Msamaha wa Sumaku

Mwezi Septemba 2022 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa ndege mpya za kivita aina ya F-35. Ndege hazikuwa na kasoro ya kuruka. Kilichogunduliwa ni sumaku, ndani ya mtambo unaosaidia kuwasha injini, iliyotengenezwa kwa aloi ya kobalti na samariamu kutoka China. Sheria ya nchi hiyo inataka metali maalumu za silaha ziwe zimeyeyushwa Marekani kwenyewe au katika nchi zilizokubaliwa. Tarehe 8 Oktoba mkuu wa ununuzi wa wizara hiyo, William LaPlante, akatia saini msamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na ndege zikaanza kupokewa tena.

Wapo waliouita unafiki. Sisi hatukubaliani nao. Aliyekaa chuoni anajua kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, ila kwa kadiri ya dharura yenyewe. Kuifumua ndege iliyokwisha kuundwa, kwa sababu ya kipande kisichopeleka siri kwa adui wala kumhatarisha rubani, kungekuwa hasara tupu.

Linalotutia shaka ni mazoea. Katazo hili si la jana. Metali ziliingizwa katika sheria mwaka 1972. Tena Januari 2014 ilikwisha kujulikana kwamba Frank Kendall, aliyeshika wadhifa kama huo, alitoa idhini kwa sumaku za China katika ndege hiyo hiyo. Dharura gani hurudi baada ya miaka minane ikiwa na sura ile ile? Msamaha wa kwanza ulipaswa kuandamana na tarehe ya mwisho na fedha za kiwanda. Ni mwezi Julai 2025 tu ndipo wizara ile ilipotia dola milioni 400 katika kampuni ya MP Materials ili sumaku zitengenezwe nyumbani, na hapo China ilikuwa imekwisha kuibana samariamu kwa vibali tangu Aprili.

Msomaji atauliza yanatuhusu nini. Sheria ile haiulizi metali ilichimbwa wapi, yauliza iliyeyushwa wapi. Kongo, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, haimo kabisa katika ugomvi huu, maana sehemu kubwa ya kobalti yake husafishwa China. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wake nje, na Oktoba ikaweka mgao. Ni haki yake, nasi twaiunga mkono. Lakini mgao haujengi tanuri. Na sisi tunayo nikeli na kobalti ardhini Kabanga, Wilaya ya Ngara. Viongozi wa Jumuiya watakapokutana, na wazungumze umeme wa kuendeshea matanuri hayo kabla ya kuzungumza bei ya mawe.